Mwenye Mjozi wa Hayes

Ukitaka kumjua jirani yangu wa Hayes, magharibi ya London, ungemtazama mikono mwezi wa Oktoba. Ilikuwa myeusi kutoka kwenye kucha mpaka kwenye vifundo, weusi wa kung'aa, kama wa bibi harusi aliyepakwa piko na mtu asiyejua kuchora. Lakini haikuwa piko. Ilikuwa maji ya maganda ya jozi, zile kokwa ngumu zenye kiini kilichokunjamana, ambazo sisi Unguja tulizoea kuziona madukani Ramadhani ikikaribia, zimetoka mbali ndani ya magunia. Yeye zilimwangukia uani.

Rangi hiyo haitoki kwa sabuni, haitoki kwa ndimu, haitoki kwa dawa ya kusafishia vyoo, na nawajua wanawake waliojaribu vyote. Huondoka yenyewe inapotaka, ngozi ikishabadilika. Kwa hiyo kila msimu, katika harusi na maulidi yetu, ulikuwa ukitazama mikono ya watu wanapopokea sahani za pilau, na papo hapo unajua nani alipewa jozi achambue na nani hakupewa. Mke wangu alikuwa na mikono myeusi. Binti yangu alikuwa na mikono myeusi. Hata mke wa imamu. Mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta, yangu ilikuwa safi kama ya daktari.

Nilimwonea wivu mwanamke yule. Nalisema hilo mapema, kwa sababu msomaji atakayeziona sifa nitakazomtaja asije akadhani nilikuwa mshabiki wake. Sifa zake ni za kweli, na ndizo zilizoniuma.

Wala mimi si mtu wa kuona wivu ovyo. Niliingia London na begi moja na koti la kuazima. Nikabeba maboksi ghalani, karibu na uwanja wa ndege, kwenye baridi iliyofanya hata vyuma vilie. Nilipomaliza zamu nilikwenda darasani badala ya kwenda kulala, nikachukua diploma ya usafirishaji na uendeshaji wa maghala, kwa Kiingereza, huku wenzangu wakinicheka kwamba najichosha bure. Waliocheka bado wanabeba. Mimi nikawa msimamizi, kisha meneja, nikanunua nyumba Hayes, nikajenga nyingine Unguja ya ghorofa, yenye marumaru mpaka jikoni, na leo naandika haya nikiwa kwenye baraza ya nyumba hiyo. Diploma iko ukutani, ndani ya kioo. Sikupewa na mtu.

Na yeye alikuwa na nini? Mti.

Mti ningeuvumilia. Lakini chini ya mti ule aliniondokea binti yangu wa pekee. Hakutoroka, hakupotea, hakufanya la aibu. Alivuka tu uzio kidogo kidogo, utoto mzima, mpaka siku nilipofungasha kurudi nyumbani nikiwa nimemjengea kila kitu, akaniambia yeye anabaki. Nilichotaka katika maisha ni kimoja, binti yangu awe upande wangu wa ukuta. Kila ninachokieleza hapa kinahusu hilo.

Mti wenyewe hakuupanda. Aliukuta pale yeye na marehemu mumewe walipopewa nyumba ile na manispaa, na miaka ya mwanzo alikuwa akiwaomba manispaa waje waukate, maana ulimzibia jua la kuanikia nguo. Mama mmoja wa Kipunjabi, wa nyumba ya mkabala, ndiye aliyevuka barabara akaokota kokwa moja, akaivunja kwa kisigino, akala. Hapo ndipo jirani yangu alipojua ana nini. Lakini ukimuuliza nani alimfundisha kazi ya jozi alikujibu, "Nani wa kunifundisha miye? Nimezaliwa na akili zangu." Mama wa Kipunjabi yuko pale pale anakunywa chai, anatabasamu, Kiswahili hajui.

Kazi ilianza mwisho wa Juni, jozi zikiwa bado za kijani. Alipanda ngazi na sindano ya kushonea magunia. Aliichoma kokwa, na sindano ikipenya mpaka upande wa pili bila kugonga kitu, ndani hamjawa na gamba, inafaa kwa achari. Ikigonga, umechelewa, subiri Oktoba. Zile laini alizitoboa kwa uma, akaziroweka kwenye maji ya chumvi, akayamwaga akatia mengine, kisha akazianika juu ya paa la kibanda cha uani mpaka zikageuka kama makaa. Jua la London ni la kuvizia. Alikuwa akihamisha sinia kutoka pembe hii ya ua mpaka ile, analifuata jua kama mtu anayefuata mbuzi aliyekatika kamba. Halafu ndiyo siki, pilipili, tangawizi, karafuu na sukari. Achari ile ikiwekwa pembeni ya pilau, nilishawaona watu wakiiacha nyama.

Oktoba ilikuwa vita. Jozi zinaiva, ganda la kijani linapasuka, zinaanza kudondoka, na kindi wa mtaa mzima wanajua. Alikuwa mwanamke wa ibada, tasbihi haikumtoka mkononi, swala hazikumpita. Lakini kindi akitokea juu ya uzio, tasbihi inaingia mfukoni na fimbo inatoka.

"Mwana haramu weye! Mkia kama ufagio, tabia kama ya mwizi wa Darajani! Shuka! Shuka n'kuoneshe!"

Kindi akishakimbia, tasbihi inarudi, na anaendelea pale pale alipoachia. Binti yangu, akiwa bado mdogo, alimuuliza siku moja kama kindi wa London wanafahamu Kiswahili.

"Wanafahamu sana," akamjibu. "Wamezaliwa hapa, lakini wanafahamu. Ila hawajibu."

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Nami nililisikia lile nikiwa upande wangu wa uzio, nikajua linamhusu nani, sikucheka.

Zile zilizodondoka zilikanyagwa na viatu vizito, maganda yakatoka, zikasuguliwa kwa ufagio mgumu, kisha zikamiminwa ndani ya beseni la maji. Nzima zilizama. Zilizooza au zilizokauka kiini zilielea juu, na hizo alizichota kwa chujio akazitupa bila kuzitazama mara ya pili. Kutoka beseni lile alipata msemo wake mkubwa. Mtu akija na maneno mengi, akaeleza biashara zake na mipango yake, akishatoka mlangoni jirani yangu alikuwa akisema neno moja tu: "Anaelea." Lilikuwa kama hukumu. Nimewasikia watu wazima, wenye magari, wakiulizana kwa wasiwasi kama wao wameshasemwa kwamba wanaelea. Mimi sijawahi kumsikia akinisema hivyo, na nilisikiliza sana.

Kwa mengine alikuwa mchoyo kupita kiasi. Kitunguu ukimwazima alikikumbuka. Hita hakuwasha mpaka Desemba, alituambia tuvae soksi. Mfuko wa chai mmoja aliutoa vikombe viwili na cha tatu akitaka. Lakini jozi alizigawa kama mtu mwenye shamba. Alizipima kwa jicho ndani ya mifuko mitupu ya mkate, akaifunga, na kila mfuko ulikuwa na mwenyewe. Yenye viini vizima, ambavyo havikuvunjika, ni ya wale awapendao. Dada mmoja wa Kikongo wa Tottenham, aliyekuwa akifanya naye kazi ya usafi zamani, alipata nzima. Mama wa Kipunjabi, nzima. Binti yangu, nzima, na kashata juu yake. Wangu ulikuwa na vipande.

"Bi Mkubwa," nilimwambia msimu mmoja, "mbona sisi wengine tunapata zilizosagika?"

"Weye utakula au utazitazama?"

"Nitakula."

"Tumboni zote zinasagika, Bwana Diploma."

Hilo ndilo jina alilonipa. Alinipa siku ya kwanza alipoingia kwangu akaiona ukutani, akaisogelea, akaisoma yote mpaka saini, kisha akasema, "Hongera. Mtu akisoma alipe fremu nzuri." Mpaka leo sijui kama alikuwa akinisifu.

Mwenyewe hakula jozi. Ndiyo, hakula hata moja. Alisema zinamkwaruza ulimi. Alipenda biskuti za dukani za bei rahisi na mieleka ya kwenye televisheni, na Jumamosi mchana ungemsikia kupitia ukutani akimshauri mtu wa mita mbili amkabe mwenzake shingo. Nilimuuliza kwa nini ajitese kwa kitu asichokila. Alinitazama kama aliyeulizwa kwa nini anasali.

"Ningekuwa nazila," alisema, "nani angekuja?"

Na walikuja. Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha raha. Nyumba yangu ilikuwa kubwa kuliko yake, ya kwangu ilikuwa na makochi mapya na zulia la Kiajemi, na nilialika watu vizuri, kwa simu, kwa heshima. Walikuja, wakala, wakatazama saa. Kwake waliingia bila kualikwa, wakakaa chini kwenye magazeti, wakapewa jozi zenye maganda mabichi, nyundo na ubao, na kazi, na chai moja kwa watu watatu, na hawakuondoka mpaka wamefukuzwa. Nimeshaziona gari za Peckham zimejipanga mtaani kwetu, watu wamevuka London nzima kuja kutiwa weusi mikononi.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi jozi zake zilishika ukungu. Alikuwa akizikausha juu ya magazeti, chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa. Hapo mimi ndipo nilipoingia. Hili ni jambo nililolisomea: mzigo unaopumua hauozi. Nilinunua mbao na wavu wa chuma, nikamtengenezea chanja za ngazi kwa ngazi, zenye nafasi ya hewa kupita chini na juu, nikazipanga karibu na tangi la maji ya moto, nikamwonyesha namna ya kuzigeuza. Hapakutokea ukungu tena, mwaka ule wala iliyofuata. Ukivunja jozi ya chanja zangu, kile kiwambo cha katikati kilikatika kwa mlio, ta! ndiyo alama ya kukauka sawasawa.

Siku ya kuchambua, chumba kimejaa, mke wa imamu akauliza, "Bi Mkubwa, chanja nzuri hizi umezipata wapi?"

"Kuna mtu alin'tengenezea," alisema.

Mtu! Mtu mwenyewe nilikuwa nimekaa kochini, mbele yake, na sahani mkononi.

Nilingoja mpaka wageni wametoka.

"Bi Mkubwa, yule mtu ana jina."

"Nani asiyejua kama ni weye?"

"Wote hawajui."

"Basi ungewaambia. Kwani mdomo huna? Unao, tena twausikia."

Mke wangu alikuwa akicheka kwa ndani, niliona mabega yake. Tulipofika nyumbani nilimwambia si vizuri kumcheka mume mbele za watu. Akaniambia, "Hapakuwa na watu. Palikuwa na Bi Mkubwa." Kana kwamba yule alikuwa wa ndani na mimi ndiye mgeni.

Sasa nimseme binti yangu.

Mke wangu alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee, mimi ghalani, zamu zetu zikipishana. Mtoto akitoka shule alikwenda kwa jirani. Tulishukuru. Wala sikatai kwamba tulishukuru, na kila Idi nilimpelekea yule mwanamke kitambaa kizuri cha gauni. Nami nyumbani nilizungumza na mwanangu Kiswahili tu, kwa makusudi, kwa sababu nilijua watoto wanaozaliwa kule wanavyokuwa. Nilimsemesha Kiswahili asubuhi, Kiswahili mezani, Kiswahili ndani ya gari. Alinifahamu kila neno, akanijibu kwa Kiingereza.

Jioni moja ya Oktoba nilitoka kutupa taka nikasikia sauti ng'ambo ya uzio. Sauti ya msichana, Kiswahili kimenyooka, cha kwetu kabisa, chenye mikato yake na kejeli zake: "Bibi, hii inaelea, usinidanganye, nimeiona mie kwa macho yangu! Weye wataka kumpa nani hii? Mwogope Mungu!" Na kicheko. Nilisimama na mfuko wa taka mkononi. Sikujua kama mwanangu anajua kusema "mwogope Mungu." Mimi sikuwahi kumfundisha.

Usiku ule mezani nilimuuliza kwa nini kule anaongea na huku haongei. Alifikiri, maana ni mtoto anayefikiri kabla ya kusema. Akanijibu, kwa Kiingereza, kwamba kwa Bibi mikono inafanya kazi na maneno yanatoka yenyewe, lakini kwangu ni kama mtihani.

Mke wangu aliniongezea mchuzi.

"Mwache," alisema. "Mtoto amepata bibi bure, weye wataka risiti?"

Alipokuwa msichana mkubwa likatokea la posa, na hilo mpaka leo watu wa Hayes wakinipigia simu hawaachi kulitaja.

Mama wa kijana mmoja wa Peckham alikuwa amekuja siku ya kuchambua jozi, akamwona binti yangu akihudumia watu. Akauliza, "Yule msichana wa nani?" Akaambiwa na mtu, kwa namna yetu ya kusema, "Wa kwa Bi Mkubwa wa jozi." Sisi tunasema hivyo, mtu ni wa nyumba anayoonekana. Basi yule mama akarudi nyumbani na jibu hilo, na wazee wakaamini walichoambiwa.

Jumapili moja wakaja wazee watatu wa upande wa kijana, kanzu, makoti, kofia za kazi ya mkono, na bakuli la halua limefungwa kwa kitambaa. Wakabisha mlango wa nyumba yenye mjozi. Nyumba ya mjane, hana mtoto hata mmoja.

"Mzee yupo?" wakauliza.

"Mzee ni miye," akawaambia. "Piteni, kuna baridi."

Akawaketisha. Akawapa chai, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile kila mmoja alipewa mfuko wake wa chai. Mkubwa wao akakohoa, akaanza. Alikuwa mtu maarufu kwa kuposa, huitwa mpaka miji mingine kwa kazi hiyo. Akaanza na sifa za Mola, akaja kwenye ua lililochanua katika bustani ya nyumba hii tukufu, akaja kwenye nyuki aliyetoka mbali akifuata harufu, akasifu malezi, akasifu aliyelea. Na jirani yangu akasikiliza yote! Hakukohoa, hakuinua mkono, hakusema "samahani." Alisikiliza mpaka mzee aliposema amina. Ndipo akawaambia, "Nimesikia, na mmesema maneno mazuri sana. Sasa chukueni viatu. Baba yake ni mlango wa pili."

Akaja nao. Nilifungua mlango nikamkuta yeye mbele, ushungi mpya kichwani, wazee watatu nyuma yake na halua yangu imeshafunguliwa.

Waliingia kwenye makochi yangu mapya. Mkubwa wao alikuwa ameishiwa. Mtu hawezi kulisema ua na nyuki mara mbili asubuhi moja. Akanitazama, akafuta jasho, akasema, "Bwana, kwa kifupi, tumekuja kumwomba binti yako." Kwa kifupi! Nilizaa mimi, nikasomesha mimi, na hotuba ikabaki kwa jirani. Nilipata makombo.

Walipoondoka nilimkabili pale pale sebuleni.

"Bi Mkubwa, uliwaachaje waseme mpaka mwisho?"

"Watu wazima wametoka Peckham na baridi hii, niwakatize? Nani anamkatiza mtu anayeposa? Ni dhambi."

"Si dhambi."

"Basi ni ukosefu wa adabu. Na walisema vizuri, Bwana Diploma! Lau ungewasikia."

Nikamwita binti yangu nimuulize rai yake, maana mimi si baba wa kuozesha mtu kama mzigo. Akatoka chumbani, akainamisha uso, hakujibu kitu. Kwetu kunyamaza ni kukubali, nikaanza kusema alhamdulillahi. Jirani akanigusa mkono. "Huyu hakunyamaza kwa kukubali," alisema. "Yeye kijana amempenda, ila ataka angojwe mpaka amalize chuo. Aliniambia tangu Ijumaa." Binti yangu akainua uso akamtazama kwa shukrani, na shukrani ile ilinipita mimi kama basi lisilosimama.

Aliolewa alipomaliza chuo, na kijana yule yule, na ni kijana mzuri, sina la kumsema. Baadaye mimi na mke wangu tukarudi nyumbani. Nilikuwa nimewaahidi watu wangu kwamba nitarudi nikiwa nimesimama, na nilirudi nimesimama. Ghorofa ya juu niliijenga kwa ajili ya binti yangu na mumewe, mlango wao, jiko lao, tangi lao la maji. Kila nilipompigia simu nilimwambia. Kwanza alisema mwakani. Kisha akasema kazi. Kisha akazaa, akasema mtoto. Kisha akasema, "Baba, na Bibi nitamwachia nani?" Nikajua nimefika kwenye ukuta wenyewe.

Vuli iliyopita nilikwenda London kumwona mjukuu, na nilikuwa na safari yangu ndani ya safari. Binti yangu alikuwa amehamia mtaa wa pili tu kutoka kwa Bi Mkubwa. Siku ya tatu, alipokwenda sokoni na mtoto, nikavaa koti nikaenda kwa jirani peke yangu.

Alikuwa amepungua sana. Ngazi hapandi tena, mume wa binti yangu ndiye anayeokota jozi siku hizi. Kiti chake alikuwa amekihamishia kando ya mlango wa sebule.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Umenenepa. Kaa kule kwenye kochi. Miye nakaa hapa nimwone anayeingia."

Nikakaa kule. Tukaulizana hali za watu. Nikamweleza habari za nyumba.

"Nimeshaisikia," alisema. "Kila anayetoka huko anan'eleza marumaru."

Chai ilikuja, ile ile ya kuazima rangi. Nikainywa. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye ndege, na bado yalinitoka kama jino.

"Bi Mkubwa, nimekuja na haja. Binti yangu nimemjengea, unajua. Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa ukali, mama yake amemlilia kwenye simu. Hanisikii. Wewe anakusikia. Mwambie aende nyumbani."

Aliutoa mfuko wa chai kikombeni mwake, akauweka kisosini.

"Nikimwambia akaenda," alisema, "atakuwa amekwenda kwa neno langu. Kila asubuhi utakapomwona anashuka ngazi zako utajua ni miye niliyekupa. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Hutaweza. Nakujua."

"Nitaweza, Bi Mkubwa. Mwambie tu."

Akalivuta shali lake mabegani.

"N'shamwambia."

"Lini?"

"Ulipoondoka tu. Na mwaka jana nikamwambia tena. Nikamwambia, babaako mtu mzima, amekujengea, hapa umekaa na nini? Na kizee na mti? Nenda mwanangu."

"Akasemaje?"

Alitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila pipa la taka la jirani mpya.

"Aliniambia nisimpangie maisha yake. Aliniambia miye si mamaake."

Najua nilitakiwa kuhuzunika. Mlango wangu wa mwisho ulikuwa umefungwa. Lakini kilichonipanda kifuani kilikuwa furaha, tena kubwa, mpaka ikabidi nikiweke kikombe chini. Alikuwa amemkataa na yeye! Maneno yale yale niliyoyapata mimi, na yeye aliyapata, na yake yalikuwa makali zaidi.

"Kumbe hata wewe?"

"Hata miye." Akanigeukia. "Umefurahi?"

"Hapana."

"Umefurahi, Bwana Diploma. Uso wako umekuwa mwezi wa siku kumi na nne."

Akaanza kucheka, kicheko kikamletea kikohozi, nikainuka kumpa maji, na mimi nilikuwa nacheka pia. Katika miaka yote ya ujirani sikumbuki kama tuliwahi kucheka jambo moja kwa wakati mmoja.

"Kichwa kigumu amekipata wapi yule?" aliuliza, anafuta macho.

"Kwangu."

"Uongo. Nimemlea miye."

Tulikuwa bado tunabishania hilo mlango wa nje ulipofunguliwa. Binti yangu aliingia na mifuko ya soko, mtoto mgongoni, mvua kichwani. Tukanyamaza papo hapo. Alisimama kizingitini, akamtazama yule, akanitazama mimi.

"Mnanisema?"

"Hapana!" tulijibu wote wawili kwa sauti moja.

Akatikisa kichwa. Akaiweka mifuko chini, akainama, akambusu jirani mkono, kisha akavuka zulia lote akaja kunibusu mimi. Yule ndiye aliyekuwa karibu na mlango, najua. Lakini niliona nani alibusiwa kwanza.